Sura ya Sita: Mlima, Maji na Breki

Huko Kalemie, mashariki mwa Kongo, baiskeli hupanda mlima ikiwa tupu na kushuka ikiwa na mzigo. Wachukuzi wa makaa hutoka mjini mapema na kamba, pampu na kipande cha muhogo, wakielekea vijiji vya juu ambako miti huchomwa. Wanaporudi, magunia yamepangwa juu ya karia hadi ukimtazama mwenye baiskeli kwa nyuma humwoni. Hakuna aliyewabandika namba mgongoni, wala anayewasubiri chini ya kilima akiwa na saa mkononi. Hata hivyo, mtu anayebuni njia za baiskeli za milimani huko Scotland au Colorado akisimamishwa kwenye mteremko mmoja wa jimbo hili la Tanganyika, ataona mbele yake kila jambo linalompa mshahara: kuchagua mstari kati ya mawe, kupima mwendo kabla ya kona, kuitunza breki isichoke, na kusoma udongo kwa macho kabla tairi halijaufikia.

Safari ya baiskeli mlimani hukamilishwa na nini? Majarida ya mchezo huo hujibu kwa picha: kilele, jua la jioni, baiskeli ya dola 5,000. Wachukuzi wa Kalemie wangeanza kwingine kabisa. Wangeuliza mvua ilinyesha lini, mteremko una mawe au mchanga, breki zimefungwa vipi, na nani yuko njiani. Maswali hayo manne yana uzito kuliko bei ya baiskeli, na historia ya mchezo wenyewe inayaunga mkono.

Ukuta wa magharibi

Kalemie iko kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake ni maji, ambayo kwenye kina kikubwa zaidi hufika mita 1,470. Nyuma yake ni vilima. Ziwa limelala ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi inatanuka na kupasuka, na kingo za ufa zimeinuka pande zote mbili. Kazi hiyo ya ardhi haijaisha: tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lililipiga eneo hili la ziwa na kuangusha nyumba mjini. Ng'ambo, upande wa Tanzania, imesimama Milima ya Mahale, na kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462. Kaskazini mwa Kalemie safu ya Mitumba inapanda kuelekea Kabobo, msitu wa mlimani uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2016, makao ya aina ya mbega asiyepatikana penginepo duniani. Kusini, njia ya kwenda Moba, kuna nyanda za juu za Marungu, zenye sehemu zinazopita mita 2,000, ambako hewa ni baridi na majani ni mafupi.

Ukuta huu una mlango mmoja, nao ni mto Lukuga. Ndio mto pekee unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika, ukiyapeleka magharibi hadi Lualaba. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye mdomo wake mwaka 1874. Wabelgiji walipojenga reli kutoka Kabalo, ambayo ilifika ziwani mwaka 1915, walilifuata bonde la Lukuga, kwa sababu treni haipendi mlima. Reli ya kawaida huanza kutaabika pale njia inapopanda mita mbili au tatu kwa kila mita mia. Baiskeli huvumilia mita kumi kwa mia, na mpandaji mwenye mapafu mazuri hupita hata kwenye ishirini kwa dakika chache. Kwa hiyo Kalemie humpa mwendesha baiskeli vitu viwili ambavyo miji mingi haina kwa pamoja: bonde la kunyoosha miguu, na ukuta wa kuijaribu.

Mwaka huohuo wa reli, milima hii ilitoa somo kuhusu mizigo ambalo vitabu vya vita hulisimulia mpaka leo. Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani utawala wa ziwa, wakaleta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi. Zilitoka Cape Town kwa treni hadi Fungurume, huko Katanga, kisha zikakokotwa juu ya nyanda za Mitumba kwa injini za mvuke, ng'ombe na mamia ya wanaume, kwenye njia iliyofyekwa msituni na kuwekewa madaraja ya magogo. Zilivuka mahali penye zaidi ya mita 1,800. Kupanda kulihitaji nguvu na subira. Kushuka kulihitaji kamba, miti ya kufungia kamba hizo, na watu wa kuzuia kwa nyuma, kwa sababu boti yenye tani kadhaa ikishateleza haina wa kuibembeleza. Boti hizo zilifika Lukuga salama, na tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani karibu na mahali ilipo Kalemie ya leo. Kila mchukuzi wa makaa analijua somo hilo bila kusoma kitabu chochote: mlima hukudai jasho ukipanda, na hukudai akili ukishuka.

Hesabu ya kupanda

Tuchukue kilima chenye urefu wa mita 400 kutoka chini hadi juu, na njia ya kilomita 4 inayokipanda. Mpandaji ana kilo 65. Amepanda baiskeli ya kubebea mizigo, Phoenix ya Kichina au Hero ya Kihindi, yenye kilo 22 pamoja na karia ya nondo iliyochomelewa na fundi. Mtu mwenye mwili wa kazi huweza kutoa wati 150 kwa muda mrefu bila kuzimia. Bila kuhesabu upepo na msuguano, kilima hicho kitamchukua kama dakika 38. Sasa mpe baiskeli ya kisasa ya milimani, yenye kilo 13, iliyouzwa kwa bei ya pikipiki mbili. Atafika juu kwa dakika 34.

Dakika nne tu! Hapo ndipo wanaoamini kwamba wepesi wa fremu ndio kila kitu wanapopaswa kuketi na kufikiri upya. Baiskeli nyepesi inasaidia, lakini sehemu kubwa ya mzigo unaopandishwa ni mpandaji mwenyewe.

Tofauti ya kweli iko kwenye meno ya giya. Mpandaji wetu, kwa wati zake 150, anakwenda kama mita 105 kwa dakika. Phoenix ina giya moja, na mzunguko mmoja wa pedali huisogeza karibu mita 5. Maana yake ni kwamba pedali zinapaswa kuzunguka mara 21 tu kwa dakika, na mguu unalazimika kusukuma kwa nguvu ya wastani ya kama kilo 40, huku kilele cha kila msukumo kikifika karibu mara mbili ya hapo. Anaweza kusimama juu ya pedali na kuning'iniza mwili wote upande mmoja, kisha wa pili, kwa mita mia moja au mia mbili. Baadaye goti linakataa. Baiskeli ya milimani, yenye giya ndogo inayoisogeza mita moja na nusu kwa mzunguko, inamruhusu kuzungusha pedali mara 70 kwa dakika, mwendo ambao miguu huweza kuudumisha kwa muda mrefu.

Ndiyo sababu wachukuzi wa Kalemie hushuka na kusukuma. Si uvivu, ni hesabu sahihi: kwa giya moja kwenye mlima wa asilimia kumi, miguu inayotembea ni mashine bora kuliko miguu inayokanyaga. Wengi hufunga fimbo kwenye usukani ili waiongoze baiskeli wakiwa kando au nyuma ya mzigo, na hivyo mgongo hubaki wima. Ustadi huo umeenea Kongo nzima, kuanzia kwa wachukuzi wa Kasai hadi kwa wale wa njia za Kisangani na Ubundu, ambao miaka ya vita na ya kuharibika kwa barabara iliwaacha wakiwa ndio malori pekee ya nchi.

Wanamichezo nao wamewahi kubeba baiskeli zaidi ya kuzipanda. Mwishoni mwa mwaka 1984 binamu wawili wa Kiingereza, Nick na Richard Crane, walifika kileleni mwa Kilimanjaro na baiskeli za milimani, wakichangisha fedha za misaada. Sehemu kubwa ya njia ya kupanda baiskeli ilikuwa begani. Safari hiyo haikuwa laini hata kidogo, lakini iliingia katika simulizi za mchezo huo kwa sababu inauliza swali la haki: ni kiasi gani cha kusukuma kinachoruhusiwa kabla safari haijawa matembezi yenye chuma cha ziada? Wapandaji wengi wangejibu kwamba kusukuma kidogo kunakubalika, mradi mteremko wa upande wa pili ulipe deni.

Moto ndani ya gurudumu

Turudi kwenye kilima chetu cha mita 400, sasa tukiwa juu. Mchukuzi amefunga kilo 100 za makaa. Pamoja na yeye na baiskeli ni kilo 187 zinazotaka kuteremka. Nishati yote iliyomo katika urefu huo lazima iende mahali fulani kabla hajafika mjini, la sivyo itamfikisha yeye na magunia yake kwa mwendo asioutaka. Hata ukiondoa sehemu inayoliwa na matairi na upepo, kinachobaki kwa breki kinatosha kuchemsha lita mbili za maji ya chai. Joto hilo lote linapita kwenye vipande vidogo vya mpira vinavyobana rimu, au kwenye soli ya kandambili inayokanyagwa juu ya tairi la nyuma.

Rimu ikipata joto kupita kiasi, gundi ya kiraka hulegea, na pancha iliyozibwa jana hufunguka leo kwenye kona mbaya kuliko zote. Kwa hiyo wachukuzi wazoefu hushuka kwa vituo. Huruka chini na kuivuta baiskeli kwa nyuma mahali pakali, hupanda tena palipo na unafuu, na husimama kwenye kivuli kushika rimu kwa kiganja. Kaskazini zaidi, Goma, waendesha chukudu wana jibu lao: chombo cha mbao kisicho na pedali, chenye kipande cha mpira wa tairi juu ya gurudumu la nyuma, ambacho hukanyagwa kwa mguu kinaposhuka kutoka mashamba ya Masisi na Rutshuru kikiwa na viazi na kabichi.

Mchezo wa baiskeli za milimani ulizaliwa ndani ya tatizo hilohilo. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax huko California, vijana kadhaa walianza kushindana kwenye barabara ya vumbi iliyojulikana kama Repack, inayoshuka karibu mita 400 ndani ya kilomita tatu na kitu. Baiskeli zao zilikuwa za chuma, nzito, nyingi zikiwa Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zenye breki moja iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ambayo hufanya kazi kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Walipofika chini, grisi ya kitovu ilikuwa imegeuka moshi, na ilibidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi mpya kabla ya kushuka tena. Miongoni mwa watu wa kundi hilo walikuwa Charlie Kelly, Gary Fisher na Joe Breeze. Breeze alitengeneza fremu yake ya kwanza mahususi kwa mlima mwaka 1977. Miaka miwili baadaye Fisher na Kelly walianza kuuza baiskeli zilizojengwa kwa fremu za Tom Ritchey. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia Olimpiki, huko Atlanta.

Tofauti kati ya Fairfax na Kalemie haikuwa chuma. Mwanzoni vyombo vilifanana mno: uzito uleule, giya moja, breki isiyotosha. Vijana wa California walishuka kwa raha wakarudi juu kwa gari. Mchukuzi wa Kalemie anashuka na chakula cha watoto. Mmoja alikuwa na uhuru wa kuanguka. Mwingine hana, na kwa hiyo amejifunza kuteremka polepole kwa ustadi ambao washindani wa Repack wangeuchukulia kama adhabu.

Yupo mtu aliyeziona pande zote mbili. Tom Ritchey, yuleyule wa fremu za kwanza, alifika Rwanda mwaka 2005, akawakuta wakulima wakisafirisha mizigo kwa baiskeli za mbao. Kutokana na safari hiyo ulizaliwa mradi wa kutengeneza baiskeli ndefu za kubebea kahawa, kwa kuwa buni zilizochumwa zinapaswa kufika kiwandani haraka kabla hazijaharibika, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyowakutanisha waendesha baiskeli za chuma na za mbao. Timu ya Rwanda iliyochipuka baadaye, ikifundishwa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, ilimtoa Adrien Niyonshuti. Mwaka 2012, kwenye Olimpiki ya London, Niyonshuti alishindana katika mbio za baiskeli za milimani na kumaliza wa 39. Miaka 13 baadaye, Septemba 2025, Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Njia hujengwa na maji, au hubomolewa nayo

Breki nzuri haisaidii kitu kwenye njia mbaya, na adui wa njia ni maji. Kalemie hupata mvua kuanzia Oktoba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha kiangazi kinashika. Katika miezi ya mvua udongo mwekundu wa mfinyanzi hunata kwenye tairi, hujaza nafasi kati ya gurudumu na fremu, na baiskeli hukataa kuzunguka hata kwenye tambarare. Njia inayoteremka moja kwa moja kutoka kileleni hadi bondeni hugeuka kijito. Mvua tatu kubwa, na palipokuwa na mstari wa kupita panakuwa na mfereji unaomeza pedali.

Wajenzi wa njia za baiskeli wana kanuni chache, zilizoenezwa na chama cha kimataifa kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988. Ya kwanza inahusu nusu: kama ubavu wa mlima unashuka mita 20 kwa mia, njia inayoukata isizidi 10. Ikizidi nusu, maji huacha kuvuka njia na kuanza kuifuata. Ya pili: wastani wa njia nzima ubaki karibu mita 10 kwa mia au chini yake, kwa faida ya udongo na ya magoti. Ya tatu: uso wa njia uinamie kidogo upande wa bondeni, ili maji yatoke kabla hayajapata nguvu. Ya nne: kila baada ya umbali fulani njia inayoshuka ipande kidogo, hata kwa hatua chache, kwa sababu maji hayapandi.

Kanuni hiyo ya nne ndiyo siri ya raha ambayo wapandaji huisifu bila kujua inatoka wapi. Mteremko unaoshuka tu humlazimisha mtu kushika breki mfululizo, mikono ikafa ganzi. Mteremko unaopandapanda hupunguza mwendo wenyewe, huacha breki zipoe, na humpa mpandaji mdundo wa kubana na kuachia. Kumbe kilichowekwa kwa ajili ya maji kinamfaa pia mtu.

Watu wa miguu hupenda mkato, na vijia vingi vya milimani Kongo hufuata mstari mfupi kuliko yote. Baiskeli yenye mzigo haiwezi anasa hiyo. Inazunguka ubavu wa kilima, inatafuta mahali pasipo na jiwe la kuparuza pedali, na siku baada ya siku matairi huchora mstari mpya kando ya ule wa miguu, mrefu zaidi na wa taratibu zaidi. Ukitaka kujua mahali njia bora ya baiskeli ingepita, fuata alama za tairi la mchukuzi wa makaa siku ya tatu baada ya mvua, udongo ukiwa umeanza kukauka na kila kosa la juzi limeandikwa juu yake.

Ugumu unaomtosha mtu

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, tangu miaka ya 1970, alichunguza hali ambayo mtu huzama katika kazi hadi akasahau saa. Aligundua kwamba hali hiyo hutokea pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa anayeifanya. Kazi ikizidi uwezo, hofu huingia. Ikipungua, mtu huchoshwa. Wapandaji wa milimani wamelikumbatia wazo hilo kuliko wanamichezo wengi, kwa sababu mlima hupima mlingano huo kila baada ya sekunde chache.

Mfano ulio karibu uko Kenya, kwenye ukingo wa tawi la mashariki la Bonde lilelile la Ufa. Huko Kikuyu, nje ya Nairobi, mwendesha baiskeli David Kinjah amewalea vijana kwa miaka mingi, akiwapitisha kwenye vijia vya mashamba na miteremko ya bondeni. Mmoja wao alikuwa mvulana mwembamba aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome, aliyeanza kwa baiskeli ya milimani akiwafukuzia wakubwa. Baadaye alishinda Tour de France mara nne, kati ya 2013 na 2017. Alichokipata kwenye vijia vile ni mazoezi ya kuongeza ugumu kidogokidogo: leo kufika nusu ya kilima bila kushuka, wiki ijayo robo tatu, mwezi ujao kileleni.

Kwa kipimo hicho, njia isiyolingana na mtu haina faida kwake hata iwe maarufu duniani. Mgeni aliyezoea lami akipelekwa moja kwa moja kwenye miamba ya ukingo wa ziwa ataogopa, na siku yake itaharibika. Anayestahili kuanza huanza na bonde la Lukuga, tambarare, akijifunza mchanga na madaraja ya mbao. Hewa ya tairi nayo hupimwa kwa kazi: mchukuzi huijaza hadi iwe ngumu ili magunia yasivunje rimu, ilhali asiye na mzigo huipunguza ili mpira ushike mawe na kumeza mitikisiko. Wengi wa wanaolalamika kwamba mlima unawatikisa mifupa wamejaza upepo wa kubebea makaa.

Siku yenyewe

Kalemie iko karibu digrii sita kusini mwa ikweta, na jua huchomoza kama saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, likitokea upande wa Tanzania juu ya maji. Anayeondoka mapema hupanda kuelekea magharibi akiwa na jua mgongoni na baridi ya ziwa bado hewani. Hewa hupungua joto kwa digrii sita hivi kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo anayefika maeneo ya mita 2,000 anakuta baridi ya digrii saba au nane zaidi ya ile aliyoiacha bandarini. Koti jepesi la kushukia ni la lazima kama maji ya kunywa. Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Septemba: vumbi lipo, na ukungu wa moshi wa mashamba yanayochomwa huficha ng'ambo, lakini njia ni ngumu na mito ni midogo.

Lipo pia swali la nne la wachukuzi, la nani yuko njiani, na katika jimbo la Tanganyika swali hilo si la adabu tu. Mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyozidi kuanzia mwaka 2016, yaliwafukuza mamia ya maelfu ya watu makwao, na vikundi vyenye silaha vimesumbua kwa miaka njia za Bendera na Fizi. Mlima mzuri kuliko yote jimboni unaweza kufungwa kwa habari moja ya sokoni. Wachukuzi hubadilishana habari hizo wanapopishana: kizuizi kiko wapi, kinadai kiasi gani, kijiji kipi kimelala macho. Mpandaji wa burudani akipuuza mazungumzo hayo amekosa sehemu ya ramani isiyochapishwa popote. Vilevile anapaswa kujua haki ya njia: anayeshuka na mzigo hapewi kazi ya kusimama ghafla, basi asiye na mzigo ndiye anayesogea kando, hata kama anapanda na amepata mdundo.

Mahitaji ya kutengeneza njia hata moja ya mfano juu ya Kalemie yapo tayari. Kongo ina desturi ya kutunza barabara za vijijini kwa mikono, kupitia kamati za wenyeji zinazolipwa kwa kipande cha njia walichopewa, na hata asiyezipenda siku za salongo, yaani kazi ya pamoja ya lazima, anajua kushika jembe kando ya mfereji. Wanachofanya watu hao barabarani ndicho wajenzi wa njia za baiskeli wanachofundishwa kwa ada: kuzibua mifereji kuanzia juu kwenda chini, kukata majani yanayofunika kona, kuinamisha uso wa njia upande wa bondeni, na kujaza mashimo kwa changarawe badala ya udongo mtupu. Kazi hiyo huanza Septemba, ardhi ikiwa bado inachimbika bila matope. Mvua nyepesi za kwanza, mwanzoni mwa Oktoba, hukilowesha kifusi, na matairi ya wachukuzi wa makaa, yakiwa na mzigo juu yake, huishindilia njia kabla mvua kubwa za Novemba hazijafika.